Tupeane uzoefu: variabo ya global iliyokutesa kwenye seva

Wakuu salama? Niko Mwanza huku, natengeneza mifumo ya web. Naanza mimi. Nilikabidhiwa mfumo wa mizigo ya dagaa pale mwaloni Kirumba, umeandikwa kwa Node (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva), asubuhi unaenda fresh ikifika jioni seva inakata moto, mwenye mali analaumu bando. Kufungua nakuta juu kabisa ya faili, nje ya fankisheni zote (ndo global yenyewe hiyo), kuna arei, yaani orodha, inaitwa risiti, kila rikwesti (ombi linaloingia kwenye seva) inatupia humo risiti nzima na hakuna mahali inapofutwa. Node ni prosesi moja inayoishi muda wote, na memori haifagiliwi kama kuna kitu bado kinaishikilia. Haya nani anafuata?

fundi_igoma: Ndo maana mi sibanduki kwenye lugha ya PHP 😂 rikwesti ikiisha kila kitu kinaondoka nayo, na skripti ikivuka memory_limit (difoti 128M) inakatwa yenyewe. Ila dogo mmoja wa fildi alihangaika kinoma, $bei kaiandika juu, ndani ya fankisheni haionekani, katoka JavaScript huyo, kule ya ndani inaona ya nje bila kuomba. Nikamwambia ipitishe kama paramita, mambo ya global achana nayo.

dada_wa_seva: RAM si unaongeza tu kaka, kasheshe ni data za watu. Kuna mfumo wa tiketi za boti niliitwa kuucheki, abiria wawili wakilipa kwa mpigo, wa Ukerewe anapewa tiketi yenye jina la wa Sengerema. Ilikuwa hivi:

let abiria;
app.post('/lipa', async (req, res) => {
  abiria = req.body.jina;
  await hifadhiMalipo(req.body);
  res.send(tiketi(abiria));
});

Wa kwanza akiwa anasubiri pale kwenye await (kodi inangoja malipo yahifadhiwe), wa pili anaingia anaandika juu yake. Ukitesti peke yako huioni ng'o.

kijana_nyegezi: Mi setInterval (ya JavaScript, inarudia kazi kila baada ya muda) kwenye dashibodi, kila ukurasa ukifunguliwa inaanza nyingine na ya zamani haijasimamishwa, kompyuta ya kaunta inaunguruma kama jenereta. Heap snapshot ya Chrome (picha ya vilivyojaa kwenye memori) ndo ilinionyesha.

Mleta mada: @dada_wa_seva hiyo ya tiketi imenitisha, ulibadilisha kitu gani?

dada_wa_seva: Nilifuta ule mstari wa juu, nikaweka const abiria ndani ya hendla (ile fankisheni ya /lipa). Basi. Kila abiria na yake.