Daftari mlilotuwekea ndani ya edita linatuharibia hesabu, msituambie ni maendeleo!

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, ofisi yetu ndogo ipo Mwanjelwa, tunachakata takwimu za bei za mazao kwa vyama vya wakulima: viazi vya Uporoto, mpunga wa Usangu, mahindi ya Mbozi. Nimekereka kwelikweli.

Edita, yaani programu tunayoandikia msimbo wa lugha ya Python (jina naliacha), imekuja na toleo jipya lenye daftari. Unaandika msimbo kwenye seli, unabonyeza, jibu na grafu vinatokea palepale chini yake. Wazo lenyewe silipingi hata kidogo. Programu ya hesabu ya Mathematica ilikuwa nalo tangu 1988, IPython ikaliingiza kwenye Python mwaka 2011, na mwaka 2014 mradi huo wa IPython ukazaa Jupyter. Bwana shamba anayetaka kuona mvua za msimu kwenye grafu bila kuandika programu nzima, hiki ni chombo chake. Sasa mbona mmekileta nusunusu?

Sikilizeni kilichotukuta. Kulikuwa na seli inayorekebisha uzito wa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Mwenzetu akaifuta, kwa kuwa chama alichokuwa anakiandalia ripoti kinapima kwa mizani. Seli ikatoweka kwenye kioo, lakini data iliyokwisha kurekebishwa ikabaki kwenye kumbukumbu ya keneli (ile sehemu inayoendesha msimbo nyuma ya daftari), na seli zote za chini zikaendelea kuila hiyohiyo. Bei kwa kilo ikatoka chini kuliko ilivyo. Aliyekagua alisoma daftari juu mpaka chini na hakuona kosa, kwa sababu kwenye maandishi kosa halikuwepo! Tumegundua baada ya umeme kukatika: mashine ikawashwa upya, daftari lilelile likatoa bei nyingine. Ripoti ilishafika kwa wakulima, na dalali alishaisoma.

Tumelalamika kwa watengenezaji, jibu lao: "anzisha keneli upya, endesha seli zote." Hilo tunalijua. Kwa nini edita isinionye? Kanamba kale kwenye mabano kando ya seli kananiambia tu iliendeshwa ya ngapi. Hakaniambii kwamba jibu ninaloliona linatokana na msimbo ambao haupo tena. Edita hiyohiyo inanipigia mstari mwekundu nikisahau mabano, ila hapa inanyamaza kimya. Inauma.

Halafu Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya faili na kuunganisha kazi za timu. Faili la daftari ni JSON, yaani maandishi yenye mpangilio maalumu wa kuhifadhi data, na ndani yake majibu yamehifadhiwa pamoja na msimbo, grafu zikiwa zimegeuzwa kuwa maandishi marefu yasiyosomeka. Badilisha mstari mmoja, endesha upya, uone Git inavyokuonyesha mabadiliko lukuki. Watu wawili wakigusa daftari moja, kuunganisha kazi zao ni vita, na faili likivurugika halifunguki kabisa. Bando tunanunua wenyewe, jamani, na tunalimaliza kusukuma picha ambazo mashine ingezichora tena yenyewe.

Na msije na ile ya "jifunzeni kutumia". Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa madaftari takriban milioni 1.4 yaliyowekwa GitHub, tovuti ambako watu huweka misimbo yao. Kati ya yale waliyoyaendesha upya, kama asilimia 24 tu ndiyo yalifika mwisho bila kukwama, na kama asilimia 4 tu ndiyo yalitoa majibu yaleyale. Hao wote hawajui kutumia?

Dawa ipo tena, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kuna Pluto, daftari la lugha ya programu ya Julia: ukifuta seli, majina yaliyoundwa humo yanafutika nayo, na seli zinazoyategemea zinakuambia papo hapo. Kwa Python ipo marimo, inafanya hivyohivyo na inahifadhi daftari kama faili la kawaida la Python. Jupytext nayo inakupa nakala ya maandishi matupu ambayo Git inaisoma vizuri.

Kwa hiyo ninyi mnaotengeneza edita, kama mpo humu: seli ambayo jibu lake limepitwa na wakati ibadilike rangi. Majibu yasihifadhiwe kwenye faili mpaka mwenyewe niombe. Na kabla ya kutoa ripoti, kitufe kimoja kiendeshe daftari zima kwenye keneli mpya na kikatae kama majibu hayalingani.

Wakuu wa Iringa, Njombe na hapa Mbeya mnaofanya kazi hizi kwa timu, wekeni hapa mpangilio wenu wa Git. Sisi kuanzia Jumatatu tunahamia faili za kawaida.