Nauli ya mume mwanajeshi: mimi na watoto hatuhesabiwi?

MamaWawili_Kondoa:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mume wangu ni mwanajeshi, kituo chake Dar. Mimi nipo Kondoa, kwao, na watoto wawili. Mwisho wa mwezi akipata ruhusa anapanda SGR ya kawaida mpaka Dodoma, elfu 31, halafu basi la Kondoa. Kurudi vilevile, na yote inatoka mfukoni kwake. Juzi kalipwa nauli ya likizo, kumbe ya mtu mmoja! Kuuliza, anaambiwa faili linasoma "hajaoa". Ndoa yetu ni ya shehe, tangu 2017, cheti kipo kwenye begi chini ya vitenge. Toka tubebe vyombo na Fuso kutoka Tabora mwaka juzi, alipohamishiwa Dar, nimenyamaza tu. Tunaweza kudai?

Kambale wa Hombolo:
Pole shemeji. Safari za mwisho wa mwezi sahau, hizo si za kikazi. Hela inafuata karatasi: barua ya uhamisho, fomu ya likizo, kibali cha safari. Na kikosi usikitaje humu.

Mzee Zabibu:
Mimi ni mhasibu mstaafu, wa uraiani, jeshi lina taratibu zake. Kwetu, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinampa mtumishi nauli ya likizo mara moja kila miaka miwili: yeye, mwenza, na watoto au wategemezi wasiozidi wanne. Ila ni ya kutoka kituo cha kazi kwenda nyumbani. Wewe binti nyumbani upo tayari. Unasafiri kutoka jikoni kwenda sebuleni?

MamaWawili_Kondoa:
Hahaha baba, umenimaliza.

Mzee Zabibu:
Usicheke, rudia kusoma ulichoandika. Fuso! Tabora mlikuwa mnaishi pamoja, akahamishwa. Ningekuwa nyie ningeanzia hapo: nauli ya familia na mizigo. Mlidai?

MamaWawili_Kondoa:
Alilipwa ya kwake tu. Dereva nilimpa laki sita, mbili mkononi, nne kwa simu. Risiti hakutoa.

Kambale wa Hombolo:
Aisee, hao wa Fuso! Ujumbe wa ule muamala bado upo? Utafute. Ila cheti kwanza, shemeji, maana bila cheti kwenye faili wewe hupo. Na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala zigongwe muhuri na wakili. Mumeo apeleke mwenyewe kwa karani, na nakala anayobaki nayo isainiwe kwamba imepokelewa. Usije wewe getini na mtoto mgongoni, utashinda kwenye benchi la mlinzi.

Binti Mgogo:
Mtoto wa pili kazaliwa kabla ya uhamisho au baada? Kama baada, usimtie kwenye dai la Fuso, watalitilia shaka lote.

MamaWawili_Kondoa:
Ana miezi tisa, basi huyo atoke. Simu ya wakati ule anayo mdogo wangu Bereko, kioo kimepasuka ila inawaka. Kesho naifuata na basi la asubuhi.