MREJESHO: Iringa hadi Ruaha Mbuyuni kwa baiskeli

Wakuu, niliuliza kama Kitonga, ule mteremko mkali wa barabarani, inashukika kwa baiskeli yenye mizigo, nikitoka Iringa kulala Ruaha Mbuyuni siku hiyohiyo. Inashukika. Ila wote mlinitisha na mteremko, hakuna aliyenitajia vilima vya kabla yake! Ukishavuka mto Ruaha Mdogo pale Ipogoro ni panda shuka mpaka Ilula, upepo unakupiga usoni. Ilula nikala wali maharage, nikabeba na nyanya.

Kitonga kwenyewe malori ndiyo yanayopanga mwendo. Yanashuka kwa gia nzito, taratibu kuliko baiskeli, na kuyapita kwenye zile kona ni kujitafutia kifo, kwa hiyo nilikaa nyuma, mbali. Aliyenishauri nibane breki na kuachia badala ya kuzishikilia muda wote, Mungu ambariki. Hata hivyo rimu zilipata moto, ikabidi nisimame zipoe.

Huko chini joto si mchezo: mibuyu, vitunguu vimepangwa kando ya barabara, na maji yangu yaliisha kabla ya kufika mto Ruaha Mkuu. Bebeni ya kutosha. Anayeendelea Morogoro, kipande cha Hifadhi ya Mikumi apakie baiskeli kwenye basi; tembo na simba wapo hapohapo jirani na lami.