Naomba ushauri: pedali za besi kwenye ndege, mkononi au chini kwenye mizigo?

Wakuu, habari zenu. Bendi yetu inatarajia kutoka Dar kwenda kupiga shoo Ujerumani, kisha Marekani. Bodi yangu ya pedali (vifaa vya kubadili sauti ya gitaa la besi) ina tyuna, kompresa, oktava na priampu yenye DI (njia ya kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mixer). Inakaribia kilo 4, na mkononi tumeruhusiwa kilo 7.

Kinachonisumbua zaidi ni umeme. Pedali zote ni volti 9, hasi katikati ya plagi, lakini adapta imeandikwa 230V tu. Ujerumani itafaa, Marekani kwenye 120V haitatosha. Je, ninunue ya 100–240V yenye njia za umeme zilizotengana kwa kila pedali, au pawabenki ya mAh 20,000 na kebo ya kupandisha volti 5 hadi 9? Pawabenki hiyo ni kama Wh 74 (saa-wati), chini ya kikomo cha 100 kwenye ndege, na lazima ikae kabini. Waliotumia kebo hizo, hazileti mvumo kwenye DI? Oktava ya dijitali ikigawana njia na kompresa, mlio mwembamba husikika hata ukinyamazisha nyuzi.

Na bodi ikienda chini, mnachomoa nyaya fupi zote? Jeki ikibaki ndani, kishindo huishia kwenye soketi na solda hupasuka.