Akaunti moja ya Administrator inatumiwa na ofisi nzima: nizitenganishe vipi haki za usimamizi kwenye seva?

Karani_wa_Seva (Mombasa) anauliza:

Assalaam aleykum, na heshima kwenu nyote. Ninatunza kompyuta za kampuni ya uwakala wa forodha hapa mjini, upande wa Moi Avenue. Tuna seva mbili za Windows, moja ya mafaili ya mizigo na nyingine ya data ya uhasibu, pamoja na mashine ndogo ya Ubuntu inayohifadhi nakala rudufu. Hatuna Active Directory, yaani mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti zote kutoka mahali pamoja. Kila mashine inajitegemea.

Nilipoipokea kazi hii nilikuta akaunti ya Administrator, yaani akaunti kuu ya Windows yenye haki zote, imekuwa mali ya wote, tena yenye nywila ileile kwenye seva na kwenye kompyuta za mezani. Mhasibu anaijua, makarani wanaoshinda Kilindini wanaijua, na mafundi waliokwisha kuondoka sidhani kama wameisahau. Juzi folda ya hati za mteja ilipotea, na kumbukumbu za seva zikaonyesha tu kwamba Administrator alikuwa ameingia kutoka kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja. Ni nani hasa, haikujulikana.

Nimeanza kwa kujifungulia akaunti yangu mwenyewe kwenye seva ya mafaili na kuitia katika kundi la Administrators. Nikikaa mbele ya seva, kila kitu kinakubali. Lakini nikiwa mezani kwangu na kujaribu kuifungua `\\seva\C$`, yaani diski ya C ya seva kupitia mtandao, kwa akaunti hiyohiyo, ninanyimwa ruhusa, ilhali akaunti ya zamani inafungua bila taabu. Nywila ni sahihi, nimehakikisha. Kasoro iko wapi? Isitoshe, programu ya uhasibu iliyo kwenye kompyuta za wahasibu haifunguki mpaka mtumiaji awe msimamizi, na mkurugenzi naye anataka haki zote kwa hoja kwamba seva ni zake.

Fundi_wa_Nyali anajibu:

Wa aleykum salaam, ndugu. Hakuna kasoro, unachokiona ni kizuizi kilichowekwa kwa makusudi. Tangu Windows Vista na Windows Server 2008, akaunti ya ndani ya mashine iliyomo katika kundi la Administrators ikiingia kwa kupitia mtandao hupewa tokeni (hati ya ndani inayobeba haki za aliyeingia) iliyochujwa, yaani inatambulika kuwa ni yako lakini nguvu za usimamizi zimeondolewa. Kwa kuwa C$ hufunguliwa na wasimamizi pekee, unarudishwa mlangoni. Akaunti ya Administrator iliyozaliwa na mashine haiguswi na uchujaji huo katika mipangilio ya kawaida, ndiyo maana inapita.

Ukitaka kukiondoa kizuizi, nenda kwenye rejista ya Windows (ghala la mipangilio ya mfumo), utengeneze thamani ya `LocalAccountTokenFilterPolicy` na kuipa 1. Itafanya kazi papo hapo.

Bi_Mitandao anajibu:

Maelezo ya Fundi_wa_Nyali kuhusu chanzo ni sahihi kabisa, ila dawa aliyoitoa ningeiogopa, hasa katika ofisi ambayo nywila moja inafungua kila mashine. Kizuizi hicho kipo ili mtu aliyeiteka kompyuta moja asizitembelee nyingine zote kwa akaunti ileile. Windows haihitaji hata nywila yenyewe iandikwe. Alama yake ya siri iliyohifadhiwa kwenye mashine iliyotekwa inatosha kumwingiza mvamizi kwenye mashine ya jirani yenye nywila sawa.

Sisi tunaoishi kwa bandari tuna mfano wa kuuzingatia. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya ilianza kusambaa kupitia sasisho la programu ya uhasibu nchini Ukraine. Ilitumia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa imekwisha kuuziba mwezi Machi mwaka huohuo, lakini pia ilichopoa siri za kuingilia kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na popote ilipopata za msimamizi ikazitumia kuingia hata kwenye mashine zilizosasishwa. Maersk, ambayo makontena yake tunayaona kila siku, ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Nakala ya orodha yake ya watumiaji na ruhusa iliponea katika ofisi ya Ghana, na iliponea kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko. (Kwa mara moja, kukatika kwa umeme kulimfaa mtu.)

Kwa hiyo kiache kizuizi mahali pake. Ukihitaji kufanya kazi ya usimamizi, ingia kwenye seva kwa Remote Desktop, inayokuonyesha skrini ya seva ukiwa mbali, ukitumia akaunti yako ya usimamizi. Huko utaulizwa uthibitishe, kisha utapata nguvu kamili. Lango la 3389, ambalo Remote Desktop hulitumia, lifunguliwe kwa kompyuta yako tu, wala lisionekane kamwe kwenye intaneti. Uwe na akaunti mbili: ya kawaida kwa barua pepe na kazi za kila siku, na ya usimamizi ambayo huifungulii kivinjari. Akaunti ya Administrator ipe nywila ndefu iliyo tofauti kwa kila mashine, halafu usiitumie. Kuibadilisha jina hakutoshi, kwa sababu kitambulisho chake cha ndani huishia na 500 na kinasomeka vilevile.

Folda za pamoja zina ruhusa za aina mbili: zile za kushirikisha na zile za diski yenyewe. Mtu akiingia kwa mtandao, zote mbili hupimwa na iliyo finyu ndiyo inayotawala. Akiingia kwenye seva moja kwa moja, za diski pekee ndizo zinazohesabika. Uchungu wote huu huisha ukitoa ruhusa kwa makundi wala si kwa majina ya watu, mathalani kundi la uhasibu na kundi la forodha, na kuzifanyia kazi ruhusa za diski. Ukimwongeza mtu kwenye kundi, mwambie atoke na kuingia tena, maana tokeni hutengenezwa wakati wa kuingia. Wengi hudhani wamekosea, wakaanza kumwaga ruhusa kwa kila mtu.

Mzee_wa_Kebo anajibu:

Kabla hujaigusa nywila ya Administrator, bwana, tazama ni huduma zipi na kazi zipi za ratiba zinazoendeshwa kwa jina lake. Katika orodha ya huduma kuna safu ya `Log On As`. Isome mstari kwa mstari, kisha ufungue Task Scheduler. Ukibadilisha nywila bila kuangalia, kazi ya kunakili data ya usiku itashindwa, na hakuna atakayejua mpaka siku nakala itakapohitajika. Huduma hizo zifungulie akaunti yake isiyo ya mtu, yenye ruhusa ya ile folda tu.

Kuhusu programu ya uhasibu, mara nyingi programu za namna hiyo hazihitaji usimamizi wowote. Zinachotaka ni kuandika faili ndani ya folda yake chini ya Program Files, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hana ruhusa. Chukua Process Monitor ya Sysinternals, inayoonyesha kila faili ambalo programu inajaribu kulifungua, uiendeshe kama msimamizi huku programu imefunguliwa kwa akaunti ya mhasibu, uchuje matokeo yenye `ACCESS DENIED`. Utaiona njia kamili ya faili iliyokataliwa. Toa ruhusa ya kuandika hapo tu, wala si kwenye folda nzima, kwani anayeweza kubadilisha faili la programu yenyewe anaweza kupandikiza lake.

Upande wa Ubuntu, root, yaani akaunti kuu ya mfumo huo, imefungwa tangu mwanzo, iache hivyo; kazi za usimamizi hufanywa kwa sudo, amri inayompa mtumiaji nguvu za root kwa muda. Mwongeze msimamizi kwa `usermod -aG sudo jina`, na usiisahau ile herufi a: ukiandika `-G` peke yake utamwondoa kwenye makundi yake mengine yote. Mafaili ya sudo yahaririwe kwa visudo, ambayo hukagua makosa kabla ya kuhifadhi. Kila amri ya sudo itaandikwa kwenye `/var/log/auth.log` pamoja na jina la aliyeitoa. Tena, Ubuntu ndiyo iende kuchukua data kwenye seva za Windows. Msimamizi wa Windows asiwe na uwezo wa kuzifuta nakala.

Karani_wa_Seva:

Nawashukuru sana. Nimeiacha rejista kama ilivyo. Kweli nimekuta kazi ya usiku ikiendeshwa kwa Administrator, na Process Monitor imeonyesha faili moja tu la mipangilio lililokuwa likikataliwa. Sasa programu inafunguka kwa akaunti ya kawaida. Limebaki suala la mkurugenzi, na simwoni akikubali kwa urahisi.

Bi_Mitandao:

Usimwambie kwamba haaminiki. Mwambie kwamba ofisi inahifadhi nakala za vitambulisho na namba za KRA za wateja, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezishika atoe taarifa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu, pale data ilipofikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari halisi ya madhara kwa wenyewe. Atakayeulizwa ni nani aliyeingia ni yeye mkurugenzi, na akaunti ya pamoja haina jibu. Kisha mpe bahasha iliyofungwa kwa lakiri, yenye nywila za Administrator za mashine zote, aiweke kwenye sefu yake. Ikifunguliwa kwa dharura, nywila zinabadilishwa siku hiyohiyo. Kwa kazi zake za kila siku, ruhusa ya kusoma folda zote inamtosha.