Austrasia ilikuwa nchi au mkoa tu?

Wakuu, kwenye ramani za zamani za Ulaya naona Austrasia, hii ilikuwa nchi kamili au mkoa tu wa Wafranki, wale Wajerumani wa kale waliotawala eneo la Ufaransa ya leo?

> Ufalme kabisa mkuu. Mfalme wa Wafranki, Clovis, alipokufa 511 wanawe wanne wakagawana nchi kama shamba la urithi, upande wa mashariki ndo ukaja kuitwa Austrasia, makao makuu mji wa Reims halafu Metz, na jirani zao wa ufalme wa Neustria, upande wa magharibi, wakawa wanachapana nao kila mara.

> Ila baadaye wafalme walibaki jina tu bana, mwenye nchi alikuwa msimamizi wa ikulu. Mwaka 751 msimamizi huyo, Pippin Mfupi, akamng'oa mfalme Childeric III, wakamnyoa zile nywele ndefu wakamtupa monasteri.

Duh, kunyolewa tu ndo kupinduliwa?

> Ndo hivyo, nywele ndefu ndo zilikuwa alama ya ufalme wao.