Malori ya mchanga yanalimaliza lambo letu huku Chanika, Dar es Salaam, na kila ofisi inasema "hilo siyo letu"

Wakuu, nimeshikwa na hasira mpaka mikono inatetemeka, mnivumilie.

Juu ya mtaa wetu kuna lambo la udongo la wakulima wa mchicha, matembele na bamia. Ukitaja bwawa, watu wa mjini wanawaza Kidunda na lita zake bilioni 190. Hili letu mtoto anarusha jiwe linafika ng'ambo. Lakini kwenye ule mgao wa maji wa 2022, mto Ruvu uliposhuka, wenzetu wa kule juu walikuwa wananunua dumu kwa shilingi 500, sisi tunachota visimani. Maji ya lambo yanapenya mchangani, yanateremka chini kwa chini hadi kwenye visima vyetu vifupi. Lambo likikauka, wiki mbili hazipiti ndoo yangu inapanda na tope. Kwa hiyo anayeniambia hilo ni dimbwi la mchicha tu, aje anywe nyumbani kwangu Septemba.

Sasa malori yamefanya tuta linalozuia maji ya lambo kuwa njia ya mkato. Tuta! Udongo mtupu ulioshindiliwa! Matairi yamechimba mifereji miwili, katikati pamebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea, na hapo ndipo maji yatakapovukia lambo likijaa. Tena utoro, ile njia ya pembeni ya kupitishia maji yaliyozidi, wameufukia kwa kifusi ili lori lisikwame.

Jana asubuhi nikashuka chini ya tuta, upande wa mashamba. Panavuja, upana kama sinia. Kuvuja si kugeni, lambo la udongo hutoka jasho, na miaka yote maji yale yalikuwa maangavu. Jana nimeyakinga kwenye chupa, yana rangi ya chai ya maziwa. Nikaiacha itulie, chini ukatuama udongo laini unene wa kidole. Huo ni mwili wa tuta unatoka! Linaliwa kwa ndani, na tundu likishafika kwenye maji hakuna wa kuliziba. Chini yake kuna nyumba, watoto wamelala humo.

Nimekwenda ofisi tatu. Wa maji wananiambia hilo ni la kilimo. Wa kilimo wananirudisha kwa viongozi wa mtaa. Huko naambiwa andika barua, na barua niliandika mwezi wa sita! Hakuna hata mmoja aliyekuja kukanyaga tuta kwa mguu wake.

Vuli iko mlangoni. Tunataka malori yazuiwe, utoro uzibuliwe, na mtaalamu aje aangalie pale panapovuja kabla lambo halijajaa. Kesho saa moja asubuhi wakulima kumi na mmoja tunaanza kuzibua utoro kwa majembe, na magogo ya kufunga njia tumeshayakata. Wa huku Chanika mwenye sepeto aje nalo. Wenye malori, tutakutana hapo hapo.